Kazi Ng'ambo Huhesabiwa Kuanzia Siku ya Mwisho

Mwanafunzi anayetoka Nairobi na kutafuta kazi katika nchi aliyokwenda kusomea hupimwa kwa maswali matatu, na ni moja tu kati yake linalohusu uwezo wake. Je, anaiweza kazi? Je, sheria inamruhusu kuifanya? Na ruhusa hiyo inaisha lini? Hapa nyumbani tumezoea kulijibu lile la kwanza pekee. Tunapanga vyeti katika bahasha ya kaki, tunaandika wasifukazi, tunaweka chini yake majina ya watu watatu wanaoweza kututolea ushuhuda, kisha tunasubiri simu. Mwajiri wa ng'ambo, hata akivutiwa na vyeti hivyo, hana budi kupata jibu la maswali yale mawili mengine, na mara nyingi huyauliza mwanzo kabisa, katika fomu ya mtandaoni, kabla jicho la mtu halijasoma jina la mwombaji.

Nimewaona vijana hodari, wengine wao waliofaulu kuliko wenyeji waliosoma nao, wakirudi nyumbani mikono mitupu na kuamini kwamba walikataliwa kwa sababu ya rangi au lafudhi yao. Sikatai kwamba ubaguzi upo. Lakini walipoketi kunieleza hatua walizopitia, mara kwa mara niligundua kwamba walianza kutafuta kazi wakati ambapo hata mwajiri mwenye nia njema asingeweza kuwachukua. Hesabu ya kazi ng'ambo huanzia siku ya mwisho ya kibali na kurudi nyuma, na ikishafanywa hivyo, siku ya kuanza kutafuta huwa mapema mno kuliko mtu anavyodhani; wakati mwingine huangukia siku ambazo bado yuko Nairobi, akisubiri viza.

Mimi mwenyewe nililipia somo hilo. Nilifika Uingereza mwishoni mwa Septemba kusomea shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, nikajiambia kwamba muhula wa kwanza ni wa kuzoea baridi na vitabu, wa pili ni wa mitihani, na kazi nitaitafuta baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka nilifungua tovuti za kampuni kubwa nilizokuwa nikizitamani, nikakuta nafasi za wahitimu wa mwaka ule zilifungwa kabla ya Krismasi. Kampuni moja iliyokuwa bado inapokea maombi ilinihoji mara mbili na kunisifu, kisha katika mahojiano ya tatu afisa akaniuliza kibali changu kinaisha lini. Nilipomtajia mwezi, alifunga daftari lake taratibu. Maswali ya taaluma nilikuwa nimeyajibu vizuri. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimechelewa kwa miezi saba.

Utaratibu huo haujabadilika. Nchini Uingereza waajiri wakubwa wa fedha, uhandisi, ukaguzi wa hesabu na teknolojia hufungua nafasi nyingi za wahitimu kuanzia Septemba, kwa kazi zitakazoanza takriban mwaka mzima baadaye. Anayesoma shahada ya kwanza ya miaka mitatu anaweza kuupoteza msimu mmoja na kujirekebisha katika unaofuata. Wa uzamili wa mwaka mmoja hana msimu wa pili. Atakayefika Septemba 2026 na kumaliza Septemba 2027 atakuwa na wiki chache tu za kutuma maombi yaliyo muhimu kuliko yote, wakati ambapo bado hajajua duka la kununulia unga wa ugali liko mtaa gani. Kwa hiyo wasifukazi wake, orodha ya kampuni anazozilenga na barua moja ya mfano aliyoisoma na kuisahihisha vinapaswa kuwa tayari kabla hajapanda ndege.

Upande wa sheria, anayesoma shahada Uingereza kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na haruhusiwi kujiajiri. Akimaliza, anaweza kuomba viza ya wahitimu, iliyoanzishwa Julai 2021, ambayo haihitaji mwajiri wa kumdhamini, mradi aiombe akiwa bado ndani ya nchi na kabla viza yake ya masomo haijaisha. Viza hiyo imekuwa ya miaka miwili, na mitatu kwa aliyepata uzamifu, lakini kwa maombi yatakayowasilishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2027 ile miaka miwili inapungua kuwa miezi 18. Mwanafunzi wetu wa Septemba 2026 tayari yuko upande wa miezi 18. Ikiisha, sharti awe amepata mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, katika kazi ya kiwango cha shahada, yenye mshahara uliofikia kima kilichowekwa: tangu tarehe 22 Julai 2025 kima cha jumla ni pauni 41,700 kwa mwaka, na kwa anayehama kutoka viza ya masomo au ya wahitimu kinaweza kushuka hadi pauni 33,400, kutegemea kazi yenyewe. Siku hiyohiyo ndipo mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka ng'ambo ulipofungwa, mlango ambao familia nyingi hapa Nairobi zilikuwa zikiuweka kama akiba iwapo mambo mengine yangeharibika.

Jumamosi moja binti wa kaka yangu, aliyekuwa amepata barua mbili za kukubaliwa kusomea uzamili wa uchumi, moja ya Uingereza na nyingine ya Marekani, alikuja kwangu South B na tarakilishi yake. Nilimwonyesha kitu ambacho mimi sikukijua enzi zangu: serikali ya Uingereza huchapisha mtandaoni orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini, na mtu yeyote anaweza kuipakua bila malipo. Ni jedwali refu lenye mistari zaidi ya 100,000, na kila mstari una jina la mwajiri, mji aliko, daraja lake na aina ya viza anayoruhusiwa kudhamini. Tuliichuja tukaubakisha mji mmoja tu, ule wa chuo kilichomkubali. Zikabaki shule, hoteli, hospitali, kampuni za programu, mikahawa.

"Shangazi, huu mkahawa wa kuku una leseni, na benki hii kubwa pia ina leseni," aliniambia. "Sasa nitajuaje nani ataniajiri?"

Lilikuwa swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mbinu nzima. Leseni inaonyesha kwamba mwajiri anaweza kudhamini. Haionyeshi kwamba yuko tayari kumdhamini mhitimu mpya, wala kwamba ana nafasi. Kwa hiyo orodha ile hutumika kuondoa, si kuchagua. Mtu huandika kwanza kazi anayoiweza na kuipenda, hutafuta kampuni zinazoifanya, kisha hupitisha majina yake katika orodha ili yale yasiyo na leseni yasimle muda. Tulianza na majina 60 aliyoyakusanya mwenyewe, yakabaki 23. Hayo 23 ndiyo aliyoanza kuyasoma kwa undani: wanaajiri wachumi wangapi, wanawaweka miji gani, mishahara wanayoitangaza inafikia kile kima au inakikaribia tu.

Barua ya Marekani ilihitaji hesabu nyingine kabisa. Mwenye viza ya masomo ya huko, iitwayo F-1, huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kazi ya nje ya chuo inayohusiana na masomo huwezekana, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja wa kusoma, kwa kibali cha mafunzo kinachojulikana kwa herufi CPT. Lakini anayekitumia kwa miezi 12 au zaidi ya kazi ya kutwa hupoteza haki ya kibali kikubwa kinachofuata, OPT, na nimesikia vijana wakishauriwa na marafiki wakitumie tu, bila kuelezwa gharama hiyo. OPT ni miezi 12 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu. Huombwa kuanzia siku 90 kabla ya masomo kumalizika hadi siku 60 baada yake, na mtu haruhusiwi kuanza kazi kabla kadi ya kibali haijatoka. Ndani ya miezi hiyo, jumla ya siku za kukaa bila kazi isizidi 90. Kazi ya kujitolea ya saa 20 au zaidi kwa wiki, ikiwa ni katika fani aliyosomea na haivunji sheria za kazi, huhesabiwa kuwa kazi, jambo ambalo limewaokoa wengi ambao siku zao zilikuwa zinakaribia kuisha.

Kisha kuna tofauti inayoamuliwa na namba ya usajili wa fani, iliyoandikwa kwenye karatasi ya chuo. Waliosomea fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24 juu ya ile 12, mradi mwajiri wao awe amejisajili katika mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya kazi. Uchumi wa kawaida haumo katika orodha ya fani hizo. Lakini uchumi wa kitakwimu, unaosajiliwa kwa namba 45.0603, umo, na vyuo kadhaa vimesajili shahada zao za uchumi kwa namba hiyo. Wanafunzi wawili wanaweza kusoma vitabu vilevile katika vyuo viwili vya jirani, mmoja akapata mwaka mmoja wa kutafuta maisha na mwenzake akapata mitatu. Na miaka hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa viza ya kazi ya H-1B, inayofuata baada ya OPT, imewekewa kikomo cha nafasi 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 kwa wenye shahada za juu za Marekani. Waombaji huwa wengi kupita nafasi, hivyo huteuliwa kwa mchujo baada ya usajili wa Machi. Mwenye miaka mitatu huweza kuingia mchujo huo mara tatu. Aidha, tangu Septemba 2025 maombi mapya ya viza hiyo kwa mtu aliye nje ya Marekani yamewekewa malipo ya dola 100,000, ilhali serikali ya huko ilifafanua kwamba anayebadilisha hadhi kutoka viza ya masomo akiwa ndani ya nchi hatozwi. Kwa mhitimu, kurudi Nairobi "kusubiri kwanza" kunaweza kuwa kufunga mlango.

Vyuo vikuu vyenyewe, taasisi zisizo za faida zinazoshirikiana navyo na taasisi za utafiti zisizo za faida haviguswi na kikomo kile wala mchujo ule. Hili halisemwi vya kutosha. Kijana anayetaka kubaki na anayependa utafiti angepaswa kuzitazama maabara na idara za chuo chake kwa jicho la mtafuta kazi tangu muhula wa kwanza.

Fomu nyingi za waajiri wa Marekani zina maswali mawili yanayofuatana: una ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi hapa? Na je, sasa au baadaye, utahitaji mwajiri akudhamini ili upate viza ya kazi? Mwenye OPT hujibu ndiyo kwa yote mawili, na kuna kampuni ambazo jibu hilo la pili huwafanya wamwondoe papo hapo. Kishawishi cha kuandika hapana ni kikubwa. Asikubali. Uongo huo hufichuka siku ya kusaini makaratasi, na ajira iliyopatikana hivyo huvunjwa kihalali. Njia iliyo salama ni kumfikia mtu anayeajiri kabla ya fomu, katika maonyesho ya kazi ya chuo au kupitia aliyesoma hapo, ili jibu la ndiyo lisomwe na mtu ambaye tayari anamjua mwombaji.

Nchi nyingine nitazipitia haraka. Kanada huruhusu saa 24 kwa wiki nje ya chuo tangu Novemba 2024, na kibali chake cha baada ya masomo, kinachoweza kufika miaka mitatu, hakimfungi mtu kwa mwajiri mmoja. Hupatikana mara moja tu maishani na huombwa ndani ya siku 180 tangu kumaliza. Ole wake aliyelipa karo katika kozi isiyostahili kibali hicho, kwa maana tangu 2024 kozi nyingi za vyuo visivyo vikuu zimeondolewa, na hilo huulizwa kabla ya kulipa, si baada. Australia huhesabu saa 48 kwa kila wiki mbili. Ujerumani huruhusu siku 140 nzima kwa mwaka, na humpa mhitimu wa vyuo vyake miezi 18 ya kutafuta kazi, huku akiruhusiwa kufanya kazi yoyote ya kumweka mjini. Huko kikwazo ni lugha: kozi inaweza kufundishwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na mwajiri akahoji kwa Kijerumani. Miezi ya kusubiri viza Nairobi ikitumika darasani kujifunza lugha hiyo, itakuwa imetumika vizuri kuliko semina yoyote ya kuandika wasifukazi.

Kuhusu vibarua, nasema kwa huruma kwa sababu najua deni linavyolala nyuma ya tiketi ya ndege: shamba lililouzwa, mkopo wa sako, harambee ya ukoo mzima. Mtoto huyo akifika hupokea kila zamu anayopewa, bohari usiku na mkahawa mchana, na saa zikipita kikomo kilichowekwa, anaihatarisha viza yenyewe ambayo fedha zote zile zilitumika kuipata. Hata asipovuka kikomo, saa 20 zote zikiishia kuosha vyombo, wasifukazi wake utabaki vilevile alivyotoka nao Kenya. Saa nane katika maktaba, katika maabara au katika ofisi ya mhadhiri anayehitaji mtu wa kusafisha data, hata kwa malipo madogo, hununua kitu ambacho pesa ya bohari haiwezi kununua: mtu wa nchi ile anayeweza kuandika kwamba amefanya kazi naye.

Hapa ndipo linapoingia suala la kujuana. Sisi neno hilo linatuuma, kwa sababu tumeona nafasi zikigawanywa kwa ukoo na kwa bahasha, na vijana wetu waadilifu huona haya kumwandikia mtu wasiyemjua kumwomba msaada. Huko, kupendekezwa na mtu aliye ndani ya kampuni ni njia ya wazi, na kampuni nyingi humzawadia mfanyakazi aliyeleta mtu mzuri. Kinachoombwa kwanza si kazi. Ni dakika 15 za maelezo.

Binti wa kaka yangu aliniletea barua pepe ya kwanza aliyoiandika kwa Mkenya mmoja aliyesoma chuo kile na sasa ni mchambuzi wa data. Ilikuwa na mistari 11 ya heshima kabla ya kufika jambo lenyewe: anatumaini barua inamkuta salama, anaomba radhi kwa usumbufu, kwa unyenyekevu mkubwa anaomba amsaidie kupata kazi yoyote. Tulikaa nayo karibu saa nzima. Ilipokwisha ilibaki na sentensi tano: yeye ni nani na anakwenda kusoma nini, ni kipi katika kazi ya mwenzake kilichomvutia, amewahi kufanya nini, yaani kuchambua bei za mahindi za soko moja kwa miaka mitatu kwa ajili ya tasnifu yake, anaomba dakika 15 kwa simu, na saa anazopatikana, zikiwa zimeandikwa kwa saa za huko. Salamu moja ya heshima ilibaki mwanzoni, kwa kuwa anayeandikiwa ni Mkenya na ni mkubwa wake. Neno "yoyote" ndilo nililosisitiza aliondoe. Anayeomba kazi yoyote humwachia msomaji mzigo wa kufikiri anafaa wapi.

Kwenye wasifukazi pia tulitoa namba ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa na jina la shule ya chekechea. Tukaacha ukurasa mmoja, na kila mstari ukaanza na kitenzi na kuishia na kitu kilichopimika.

Lipo jambo la mawakala, na hapa sina subira. Wakala anayekaa ofisini mjini Nairobi na kuahidi "masomo na kazi pamoja" hawezi kuiahidi kazi, kwa sababu haiamui yeye. Cheti cha udhamini cha Uingereza hutolewa na mwajiri. Anayekiuza kwa mwanafunzi anauza ulaghai, na anayekinunua hupoteza pesa na huenda akapoteza haki ya kuomba viza tena kwa miaka mingi. Anayedai kuwa wakala wa ajira hapa kwetu anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili huo unaweza kuthibitishwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni.

Na nyumbani je? Wengi huliweka swali hili mwishoni, kama aibu ya kushindwa. Naona ni kosa. Mwaka 1966 Wangari Maathai alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada mbili za biolojia na barua ya kuajiriwa kama msaidizi wa utafiti katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipofika aliambiwa nafasi yake amepewa mtu mwingine. Aliyemwajiri hatimaye alikuwa profesa kutoka Giessen, Ujerumani, Reinhold Hofmann, katika idara ya anatomia ya mifugo, akihitaji mtu mwenye ustadi wa maabara aliokuwa nao. Barua mkononi haikumfaa. Ustadi uliohitajika na idara nyingine ndio uliomfaa.

Jiji hili lina makao makuu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na ya makazi, pale Gigiri, lina taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ya ILRI, na lina icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mwanafunzi aliye ng'ambo anaweza kuchagua mada ya tasnifu inayomleta nyumbani kukusanya data katika taasisi kama hizo, na akimaliza anajulikana pande zote mbili za bahari. Kuitafuta nafasi hiyo nako kunahitaji miezi, hivyo nako kunaingia katika hesabu ileile.

Tulipomaliza, binti yetu alikiandikia chuo cha Marekani barua pepe ya mistari miwili, akiuliza shahada yake imesajiliwa kwa namba gani. Jibu lilimfikia usiku wa manane kwa saa za huku: 45.0603. Asubuhi yake alinitumia picha ya karatasi aliyoigawa kwa mistari. Juu kabisa aliandika katikati ya 2031, mwisho wa miezi yote aliyoruhusiwa. Chini yake Machi tatu za mchujo, 2031, 2030 na 2029. Kisha Februari 2028, kuomba OPT. Kisha kiangazi cha 2027, kazi ya mafunzo. Kisha Septemba 2026, kuiomba kazi hiyo, wiki za kwanza tu baada ya kuwasili. Mstari wa chini kabisa ulikuwa wa wasifukazi wa ukurasa mmoja, usomwe na watu wawili, na tarehe aliyoiandika mbele yake ilikuwa ya Ijumaa ya wiki ileile.